Moto wa Grenfell: Nyumba si Sadaka

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 2017, mnamo saa 7 kasoro dakika chache, jokofu liliwaka moto katika jiko la nyumba moja kwenye ghorofa ya 4 ya jengo liitwalo Grenfell Tower, kaskazini ya Kensington, jijini London. Moto wa jikoni ni jambo ambalo askari wa zimamoto hulimaliza kwa dakika chache, na pengine jirani wa mlango wa pili asijue hata kidogo kwamba kulikuwa na hatari. Moto huu haukwenda hivyo. Ulitoka kwa dirishani, ukashika kuta za nje, na katika muda wa nusu saa hivi ulikuwa umekwea hadi kileleni mwa jengo la ghorofa 24. Kulipopambazuka London nzima iliona gofu jeusi likifuka moshi. Watu 72 walipoteza maisha yao, na 18 kati yao walikuwa watoto.

Kuhusu moto wenyewe mengi yamekwisha kusemwa. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji mstaafu Sir Martin Moore-Bick ilitoa ripoti yake ya kwanza Oktoba 2019 na ya pili Septemba 2024. Lakini lipo jambo moja ambalo halikuzungumzwa kwa uzito unaolistahili, nalo ni habari ya wale waliookoka. Watu zaidi ya 200 walishuka ngazi ile moja tu ya jengo, wengi wao wakiwa na nguo za kulalia, wakafika chini wakiwa hai lakini bila nyumba, bila vyeti, bila chombo wala kitanda. Serikali ya nchi iliyo miongoni mwa nchi tajiri kabisa duniani ilitakiwa iwape watu hao mahali pa kuishi. Namna ilivyolitekeleza jambo hilo ni kioo kinachoonyesha sura halisi ya jamii ile kuliko hotuba yoyote ya viongozi wake.

Ufa ambao haukuzibwa

Haiwezekani kuizungumzia haki ya manusura bila kwanza kukumbusha jinsi walivyofikishwa hapo. Grenfell Tower lilijengwa kati ya mwaka 1972 na 1974, wakati ambapo halmashauri za Uingereza zilikuwa bado zinajenga nyumba za kuwapangisha wafanyakazi kwa kodi nafuu. Lilikuwa jengo la zege, na zege haliungui. Kati ya mwaka 2012 na 2016 likafanyiwa ukarabati, likavishwa mabamba mapya kwa nje. Mpango wa awali ulikuwa kutumia mabamba ya zinki. Ili kupunguza gharama, yakachaguliwa mabamba ya aluminiamu yenye plastiki katikati, plastiki ambayo ikishika moto huwaka kama mafuta ya taa. Akiba iliyopatikana kwa mabadiliko hayo ilikuwa karibu pauni 300,000.

Wapangaji hawakunyamaza. Walilalamika juu ya ukarabati ule, juu ya vifaa vya kuzimia moto, juu ya njia za kutokea. Novemba 2016, miezi saba kabla ya maafa, kikundi chao kilitoa onyo la hadharani kwamba uzembe wa wenye mamlaka ungefichuliwa siku watu wengi watakapokufa. Onyo hilo lilichukuliwa kuwa ni kelele za wakorofi. Na usiku wa moto, watu walioambiwa kwamba jengo lao lilikuwa salama waliambiwa pia wabaki ndani ya nyumba zao wangoje kuokolewa. Amri hiyo ilibatilishwa ilipokaribia saa 9 usiku, baada ya takriban saa mbili. Kwa wengi, amri ya kutoka ilikuja wakati ngazi imekwisha jaa moshi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga wamesema. Halmashauri ya mtaa wa Kensington na Chelsea haikuwa maskini. Ilikuwa na akiba ya mamilioni ya pauni, na mwaka 2014 iliwarudishia baadhi ya walipa kodi wake pauni 100 kila mmoja kwa kuwa fedha zilikuwa zimebaki. Hapana shaka, basi, kwamba ufa haukuachwa kwa kukosa udongo. Uliachwa kwa sababu waliokuwa wanaishi nyuma ya ukuta ule walikuwa makabwela: madereva, wapishi, wafagiaji, wauguzi, wazee na wanafunzi, wengi wao wakiwa ni watu waliotoka, wao au wazazi wao, katika nchi za Afrika, Uarabuni na Asia.

Ahadi ya wiki tatu

Siku za mwanzo baada ya moto, msaada ulitoka kwa wananchi wenyewe. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na Waislamu waliokuwa macho wakingojea daku ndio waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kuuona moto na kugonga milango ya majirani. Misikiti, makanisa na vilabu vya mtaani vilifungua milango. Watu walileta maji, mablanketi, nguo na vyakula mpaka pakakosekana mahali pa kuviweka. Halmashauri, ambayo ndiyo iliyokuwa na wajibu wa kisheria, haikuonekana. Waliopoteza jamaa zao walizunguka toka hospitali hadi hospitali wakiwa na picha mikononi, kwa maana hapakuwa na ofisi ya kuwapa jibu. Tume ya uchunguzi ilikuja kuthibitisha baadaye kwamba halmashauri haikuwa na mpango wa maana, kwamba maofisa wake walitapatapa, na kwamba baadhi ya mambo yaliyotendeka katika siku zile yalikuwa ni kuukosea heshima utu wa binadamu. Ndivyo hivyo Waislamu waliofunga, na ambao wametoka kupoteza kila kitu, walivyokosa hata futari iliyo halali kwao.

Ndipo Waziri Mkuu wa wakati huo, Bibi Theresa May, alipoahidi kwamba wote waliopoteza nyumba zao wangepatiwa makazi ndani ya wiki tatu, na kwamba makazi hayo yangekuwa karibu na pale walipokuwa wanaishi. Ahadi ni deni. Wiki tatu zilipokwisha, serikali ilitangaza kwamba kila familia iliyokuwa tayari kuzungumza na maofisa wa makazi imekwisha pewa angalau jina la nyumba moja ya kwenda kuiangalia. Lakini waliokuwa wameikubali nyumba walikuwa wachache sana, na sehemu kubwa ya nyumba hizo zilikuwa za muda tu. Krismasi ilipofika, miezi sita baadaye, familia nyingi zilikuwa bado zinaishi katika vyumba vya hoteli. Mwaka mmoja ulipotimia, Juni 2018, kati ya kaya 200 na ushei zilizostahili, zilizokuwa zimeingia katika nyumba za kudumu hazikufika nusu. Hata miaka miwili baada ya moto, zilikuwapo kaya zaidi ya kumi ambazo bado hazina makao ya kudumu.

Maisha ya hotelini husikika kama anasa kwa mtu ambaye hakulazimika kuishi huko. Chumba cha hoteli hakina jiko, na mama hawezi kuwapikia watoto wake chakula walichokizoea. Mtoto hufanya kazi zake za shule juu ya kitanda. Baba na mama hawana mahali pa kulilia maiti wao pasipo watoto kuwasikia. Mgeni wa kuwapa mkono wa tanzia hana pa kuketi. Kisha hoteli ina bei yake ya kila siku, na bei hiyo hulipwa kwa fedha za umma. Kwa maneno mengine, umma ulikuwa unalipa ghali ili watu waendelee kuteseka.

“Wanachagua”

Haikuchukua muda zikaanza kusikika lawama. Ilisemwa kwamba manusura wanajichelewesha wenyewe, kwamba wamepewa nyumba wakazikataa, kwamba mtu aliyepoteza kila kitu hana haki ya kuchagua. Hoja hii inafaa kuchunguzwa kwa makini, maana ndiyo hoja inayotumiwa kila mahali na kila wakati dhidi ya maskini anayedai haki yake.

Je, waliokataa walikataa nini? Walikataa nyumba zilizokuwa juu katika maghorofa marefu, baada ya kuwaona jirani zao wakipunga mikono madirishani mpaka mikono ikakoma. Mzazi aliyembeba mwanawe gizani ngazi baada ya ngazi hawezi kuambiwa alale tena ghorofa ya 15 na kuitwa mkaidi akikataa. Walikataa nyumba zenye vyumba pungufu kwa idadi ya watu wao. Walikataa kupelekwa mbali na shule za watoto wao, na msikiti au kanisa lao, na majirani ambao ndio pekee waliobaki wanaowafahamu waliokufa. Walikataa nyumba za muda kwa sababu walihofia kwamba la muda lingegeuka kuwa la kudumu, au kwamba baada ya mwaka mmoja wangehamishwa tena kama mizigo. Baadhi yao hawakukataa chochote, bali waliogopa hata kujitokeza, kwa kuwa vibali vyao vya kuishi nchini vilikuwa na mashaka au walikuwa wamepangishwa vyumba kinyume cha taratibu. Serikali ililazimika kutangaza kwamba watu wa namna hiyo wasingeshtakiwa, na kwamba wasio na vibali wangepewa muda wa miezi 12. Baadaye ndipo njia ya kupata ukazi wa kudumu ilipofunguliwa. Mtu anayeokoka motoni kisha akamwogopa ofisa wa uhamiaji hawezi kuitwa mtu aliyehudumiwa.

Tajiri akichagua nyumba huitwa mtu makini. Maskini akichagua huitwa mtu asiye na shukrani. Mantiki ya maneno hayo ni kwamba nyumba ya mfanyakazi ni sadaka, na mpokea sadaka hapaswi kuuliza. Lakini watu wa Grenfell hawakuwa waombaji. Walikuwa wapangaji waliolipa kodi kila wiki, na wachache wao walikuwa wamenunua nyumba zao ndani ya jengo. Walinyang'anywa makazi kwa uzembe wa wale waliokuwa na dhamana ya kuwalinda. Aliyeunguza nyumba ya mwenziwe anadaiwa nyumba, wala hapati haki ya kushukuriwa anapoirudisha.

Nyumba tupu katikati ya wasio na nyumba

Katika mtaa huo huo wa Kensington na Chelsea, mwaka huo huo wa 2017, zilikuwapo nyumba zaidi ya 1,000 zilizokuwa tupu kwa muda mrefu. Nyingi katika nyumba za namna hiyo London hazikununuliwa ili watu waishi, bali ziwe ghala la kuhifadhia fedha za matajiri wa nchi mbalimbali, wengine wakijificha nyuma ya makampuni yaliyosajiliwa visiwani. Taa haziwashwi, mapazia hayafunguliwi, na kila mwaka bei inapanda. Umbali wa mwendo mfupi kwa miguu, watoto walikuwa wanalala hotelini.

Kiongozi wa chama cha Labour wakati huo, Ndugu Jeremy Corbyn, alipendekeza nyumba hizo zitwaliwe kwa dharura zipewe manusura. Pendekezo hilo lilipokewa kana kwamba ametaka mbingu ishushwe. Walioshtuka walisahau historia ya nchi yao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, London ilipopigwa mabomu, halmashauri za Uingereza zilipewa mamlaka ya kutwaa nyumba zilizokuwa tupu na kuziweka humo familia zilizobomolewa makazi. Serikali iliyofanya hivyo iliongozwa na Winston Churchill, ambaye hakuna atakayemshuku kuwa mjamaa. Kwa hakika basi jambo hilo linawezekana pale taifa linapoamua kwamba uhai wa raia ni mkubwa kuliko mali iliyolala.

Msomaji wa Tanzania hawezi kulisoma jambo hili bila kuukumbuka mwezi wa Aprili 1971, ilipopitishwa sheria ya kutwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na kuundwa kwa Msajili wa Majumba ambaye kazi zake zilikuja kuunganishwa na za Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Utekelezaji wa sheria ile ulikuwa na kasoro zake, na baadhi ya majumba yalirudishwa kwa wenyewe. Lakini swali iliyouliza lilikuwa swali la haki: je, paa ni kwa ajili ya kumsitiri mtu, au mtu ni kwa ajili ya kumtajirisha mwenye paa? Kensington ya mwaka 2017 ilikuwa bado haijalijibu swali hilo.

Mfano mmoja unatosha. Juni 2017 ilitangazwa kwamba nyumba 68 katika majengo mapya ya kifahari ya Kensington Row zingenunuliwa kwa ajili ya manusura. Lilikuwa jambo jema. Siku chache hazikupita, baadhi ya wakazi matajiri wa hapo wakawaambia waandishi wa magazeti kwamba wanahofia thamani ya nyumba zao itashuka. Majivu ya Grenfell yalikuwa hayajapoa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Nyumba zilikwenda wapi?

Watetezi wa serikali walisema, na hoja yao ina ukweli ndani yake, kwamba nyumba za halmashauri zilizo wazi London zilikuwa haba mno, na kwamba hakuna ofisa awezaye kuumba nyumba 200 kwa usiku mmoja. Ni kweli. Lakini uhaba huo haukushuka na mvua. Baada ya vita, halmashauri za Uingereza zilijenga kwa bidii kubwa. Mwaka 1953 peke yake zilijengwa nyumba za umma zaidi ya 200,000, na waliokuwa madarakani walikuwa Conservative. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1980 chini ya Bibi Margaret Thatcher, iliyowapa wapangaji haki ya kununua nyumba za halmashauri kwa bei ya punguzo. Tangu hapo ziliuzwa takriban nyumba milioni 2, na zilizojengwa kuziba pengo zilikuwa chache. Vyama vyote viwili vikubwa vilipata nafasi ya kuirekebisha hali hiyo, na vyote viwili viliiacha. Hivyo siku ya maafa ilipofika, ghala la taifa lilikuwa tupu.

Na hata hivyo, nyumba zilipatikana. Halmashauri ile ile iliyokuwa imeshindwa ilibadilishiwa kiongozi, ikatazamwa na dunia nzima, na hatimaye ikanunua nyumba zaidi ya 300 sokoni kwa gharama ya zaidi ya pauni milioni 200. Hapo ndipo penye fundisho. Fedha zilikuwapo. Nyumba zilikuwapo. Kilichokosekana kwanza kilikuwa nia, na nia haikuja mpaka maiti zilipohesabiwa. Watu waliobana pauni 300,000 kwenye mabamba waliufanya umma ulipe mamia ya mamilioni, mbali na roho 72 ambazo hazina bei.

Haki inadai nini

Yapo mambo matatu ambayo maafa haya yanaufundisha ulimwengu kuhusu kuwapatia makazi watu waliounguliwa na nyumba.

Kwanza, kila mamlaka inayomiliki au kusimamia majengo ya watu wengi inapaswa kuwa na mpango wa makazi ya dharura kabla ya moto, pamoja na orodha sahihi ya wakazi. Katika Grenfell haikujulikana kwa uhakika ni nani aliyekuwa anaishi wapi, na kwa hiyo ilichukua miezi mingi kujua ni nani amekufa na ni nani anastahili nyumba.

Pili, makazi ni zaidi ya kuta na paa. Mtu huishi mahali, na mahali ni watu. Kumtawanya manusura mbali na jirani zake ni kumfiwisha mara ya pili. Kwa hiyo wenye haki ya kwanza ya kusema ni nyumba ipi inafaa ni wao wenyewe, si ofisa mwenye jedwali la kutimiza.

Tatu, sauti ya mpangaji isikilizwe akiwa bado mzima. Manusura na jamaa wa marehemu waliunda umoja wao, Grenfell United, na kwa miaka walikuwa wakibisha hodi Bungeni. Juhudi zao zilichangia kupatikana kwa sheria ya mwaka 2023 inayowabana wenye nyumba za umma na kuwapa wapangaji nguvu zaidi. Ni ushindi, lakini ushindi uliolipiwa kwa gharama ambayo hakuna mpangaji anayepaswa kulipa.

Ripoti ya Septemba 2024 ilisema wazi kwamba vifo vyote vile vingeweza kuepukwa, na kwamba makampuni yaliyouza vifaa vya ukarabati yaliwadanganya wanunuzi kwa makusudi. Mwaka huo huo polisi wa London walieleza kwamba maamuzi kuhusu mashtaka yasingetarajiwa kabla ya mwisho wa 2026. Februari 2025 serikali ikatangaza kwamba gofu la jengo litabomolewa, uamuzi uliopokewa kwa machungu na baadhi ya wafiwa, kwa sababu kwao gofu lile ni kaburi na pia ni ushahidi.

Jengo linaweza kubomolewa tofali kwa tofali, na uwanja ukapandwa maua. Deni halibomolewi namna hiyo. Waliookoka Grenfell walipata nyumba mwishowe, wengi wao baada ya kuzunguka kwa mwaka mzima na zaidi. Waliowafanya wasiwe na nyumba walilala kwao kila usiku wa miaka hiyo. Hadi siku atakapopatikana wa kujibu mbele ya sheria, hakuna atakayeweza kusema kwamba watu wa Grenfell wamerudishiwa chao.